Jengo la zamani mkononi: ofisi ya kujenga upya, ofisi ya kufufua, au fundi wako?

Swali hili mara nyingi huja na mirathi. Nyumba ya babu ipo Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Mji wa Kale Mombasa, au ni ghorofa mbili za Upanga, Dar es Salaam, zilizojengwa miaka ya 1960, na ndugu wamegawanyika. Mmoja anataka ibomolewe isimame ya kisasa. Mwingine anataka ipakwe rangi ipangishwe mwezi ujao. Wa tatu yuko Muscat au Toronto na anaomba atumiwe picha. Kila mmoja ana mtu wake wa kumpendekeza, na hapo mjadala wa nyumba unageuka kuwa mjadala wa nani apewe kazi.

Watu hao ni wa aina tatu. Kuna ofisi ya wabunifu majengo iliyozoea kiwanja kitupu, hata kama siku hizi imejiongezea neno "kijani" kwenye kipeperushi. Kuna ofisi ya wabunifu ambayo kazi yake kubwa ni kutumia upya majengo yaliyopo na kupunguza kinachobomolewa, na hizi kwetu bado ni chache. Halafu kuna fundi wa familia mwenye namba ya simu ya kila muuza saruji mtaani. Wote watatu wana mahali pao. Kosa ni kumpa mmoja kazi ya mwenzake.

Siku ya kwanza

Ofisi ya kujenga upya itauliza hati, ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba na bajeti. Baada ya muda mfupi utapata kwenye simu picha nzuri sana: vioo, miti, gari jeupe limeegeshwa, mtoto anaendesha baiskeli. Nyumba ya babu kwenye mchoro huo ni mstari wa nukta ulioandikwa "kubomolewa". Sisemi hivi kwa kejeli. Mtu aliyefundishwa kuanzia kwenye msingi mpya huuona mji kwa jicho hilo, na kwenye kiwanja kitupu hilo ndilo jicho unalolihitaji.

Ofisi ya kufufua huja na kipimo cha leza, tochi na ngazi. Hupima kila chumba, kwa sababu nyumba za zamani hazina pembe mraba na ramani ya asili kwa kawaida haipo. Huingia darini, huchokoa ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, hufuata bomba la choo mpaka linapoishia, huuliza majirani maji ya mvua hutuama wapi wakati wa masika. Kinachotoka kwanza ni ripoti ya hali ya jengo. Mchoro wa kupendeza huja baadaye sana, na wateja wengi hukata tamaa hapa, maana wamelipa na hawajaona picha.

Fundi hugonga ukuta kwa kiganja, hutazama juu, hutaja idadi ya mifuko. Nyumba ikiwa nzima na kazi ni kubadilisha bati, vitasa na rangi, hiyo idadi ya mifuko inaweza kuwa makadirio mazuri kuliko ya wote.

Wanalipwaje, na kwa nini hilo linabadilisha ushauri

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Ada ya mbunifu majengo mara nyingi huhesabiwa kama asilimia ya gharama ya ujenzi. Maana yake, jengo likiwa kubwa, ada inakuwa kubwa. Ukimuuliza mtu anayelipwa hivyo kama ubomoe au uache, umemweka mahali pagumu hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu jibu la "acha, ziba paa, toa lipu ya saruji, subiri" linampunguzia kipato. Fundi naye yumo kwenye mtego wa namna hiyo, ila wake ni wa siku za kazi na cha juu kwenye vifaa.

Kwa hiyo ukienda kwenye ofisi ya kufufua, gawanya malipo. Lipa uchunguzi kama kazi yenyewe, kwa kiasi kilichokubaliwa, na ripoti iwe mali yako hata kama hutaendelea nao. Hatua za baadaye zijadiliwe baada ya kuisoma. Ofisi inayokataa mpango huo na kung'ang'ania asilimia tangu mwanzo, hata ikiwa na mapicha ya majengo ya kale ukutani, bado ni ofisi ya kujenga upya.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa ushauri wa "acha" uko Ufaransa. Mwaka 1996 mji wa Bordeaux uliwaomba wabunifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wapendezeshe uwanja mdogo wa mtaani uitwao Place Léon Aucoc. Walikaa pale, wakazungumza na wakazi, wakaona uwanja unapendeza tayari. Pendekezo lao likawa matunzo tu: kubadilisha changarawe, kutibu miti, kusafisha mara kwa mara. Miaka mingi baadaye, mwaka 2021, wawili hao walipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani yao. Unapohoji ofisi, muulize mkuu wake: lini mara ya mwisho ulimwambia mteja asijenge? Asiyekuwa na jibu, endelea kutafuta.

Nyumba ya mawe ya pwani

Hapa tofauti kati ya hao watatu ni kubwa kuliko popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumba ya Mji Mkongwe au ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi, sakafu za juu zikibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Ukuta wa chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa kupitia uso wake. Unaishi kwa kupumua.

Fundi aliyezoea tofali za saruji akiona lipu imepukutika chini, huikwangua na kupiga lipu ya saruji, ngumu na laini kama kioo. Miezi ya mwanzo unamshukuru. Kisha maji yaliyozoea kutoka pale hayana njia. Yanapanda juu zaidi ukutani, chumvi inasukuma lipu mpya, na yakifika kwenye ncha za boriti, mti unaoza ndani ya ukuta usipouona. Ukuta mgumu kwa nje na mnyonge kwa ndani ni hatari kuliko ukuta mchakavu unaoonekana. Ofisi ya kufufua itakuandikia chokaa iliyolowekwa muda mrefu, itadai fundi anayejua kuipiga kwa tabaka nyembamba, na itakuambia usubiri kati ya tabaka moja na jingine. Ni polepole. Na fundi wa chokaa hapatikani kila kona, kwa hiyo muulize mbunifu jina la fundi wake kabla hujasaini naye chochote.

Adui wa pili ni choo. Nyumba ya ukoo ikigeuzwa nyumba ya wageni, kila chumba hutakiwa kuwa na bafu lake. Mabomba yanapita juu ya boriti za mikoko, kiungo kimoja kinavuja taratibu nyuma ya marumaru, na hakuna anayejua mpaka dari la chini linapata doa. Ofisi nzuri ya kufufua hupanga mabafu yapandane, moja juu ya jingine, kwenye pembe moja ya nyumba, mabomba yakiwa mahali panapofikika. Utapoteza chumba kimoja au viwili vya kupangisha. Ukiona mchoro wenye bafu kila upande wa nyumba, aliyeuchora hajawahi kurudi kuangalia kazi yake. Tangi la maji juu ya paa nalo usilisahau: lita 5,000 ni tani 5, na paa lile lilihesabiwa kwa ajili ya watu wachache wanaopunga upepo jioni.

Kwamba majengo haya yanaweza kufanya kazi mpya, ushahidi upo Shangani kwenyewe. Hoteli ya Serena iliyofunguliwa mwaka 1997 imo ndani ya jengo lililokuwa la mawasiliano ya simu za ng'ambo enzi za Waingereza, pamoja na nyumba ya jirani yake. Zahanati ya Kale mbele ya bandari, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan, ilifufuliwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni. Upande wa pili wa mizani ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, na kazi ya ukarabati ilikuwa inaendelea. Jengo likiachwa mno, hata kuligusa ni hatari. Ndugu wanaosema "tutashughulikia mwakani" wanapaswa kulijua hilo, kwa sababu kila masika inaongeza bei ya chaguo la kufufua, na mwisho wake chaguo lenyewe huondoka.

Ghorofa za zege za miaka ya 1960 na 1970

Huku Upanga, Nairobi na Mombasa, ofisi ya kufufua haihitaji chokaa, inahitaji mhandisi wa miundo. Zege la karibu na bahari huliwa na chumvi mpaka nondo zinapata kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka na kumeguka. Nyufa zinazofuata mstari wa nondo, zenye rangi ya kahawia, ndizo za kuogopa. Nyufa nyembamba za lipu si kitu. Uchunguzi wa maana hapa ni wa vifaa: nyundo ya kupimia ugumu wa zege, kifaa cha kutafuta nondo zilipo na kina chake, na vipande vya zege vilivyokatwa kwenda maabara. Fundi hana vifaa hivi. Ofisi ya kujenga upya inaweza kuvipata lakini haina sababu ya kuvitafuta, kwa kuwa tayari imeshaamua.

Kubadilisha matumizi kuna hesabu yake. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wetu wengi walisomea, sakafu ya makazi huhesabiwa kwa mzigo wa kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba (kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 100), ofisi 2.5, duka 4. Kwa hiyo nyumba kuwa ofisi inawezekana kwa kuongeza nguvu kidogo. Nyumba kuwa duka la nguo lenye stoo ghorofani ni habari nyingine kabisa, na huko Kariakoo watu hufanya hivyo bila kumuuliza mtu.

Uzuri wa majengo ya kipindi hicho ni kwamba mengi yalichorwa kabla ya kiyoyozi kuwa cha kawaida. Utaona madirisha pande mbili, matofali ya matundu, vivuli vya zege juu ya madirisha, veranda upande wa jua. Mwenye nyumba anayeziba matundu, anayeweka vioo vya aluminiamu vya kusukuma ambavyo hufunguka nusu, kisha ananunua viyoyozi sita, analipa mara mbili kuondoa kitu alichopewa bure. Ofisi ya kufufua huanza kwa kufungua kilichozibwa, ili kaskazi na kusi zipite kama zamani.

Mfano wa nyumbani ni Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli ya miaka ya 1970, lenye miamvuli yake ya zege. Liliungua Julai 2021, na wengi tulidhani ndiyo mwisho. Jengo la Amuli likakarabatiwa, na pembeni yake likajengwa soko jipya. Mfano wa mbali ni wa hao hao Lacaton na Vassal, wakiwa na wenzao Druot na Hutin: nyumba 530 za kupangisha kwenye maghorofa ya Grand Parc, Bordeaux, ziliongezewa vyumba vya kioo na veranda pana kwa nje, wapangaji wakiwa wanaishi ndani muda wote wa kazi. Kwa mwenye nyumba anayeishi kwa kodi, hoja hiyo ya mwisho inafaa kusomwa tena. Anayebomoa hapati kodi mpaka jengo jipya likamilike, na sote tunajua maghorofa yanayosimama bila kukamilika kwa miaka.

Nyumba ya vyumba sita

Nyumba ya Kiswahili ya ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Ikiwa ni ya miti na udongo na mchwa wameshafika juu, sitakudanganya: mara nyingi bomoa. Ofisi ya kujenga upya inatosha, hata mchoro wa fundi mzoefu uliopitishwa kihalali unatosha. Unachoweza kuomba ni mpango wenyewe ubaki, ule wa baraza mbele na uwanja nyuma, kwa sababu unaingiza hewa na unakuruhusu kupangisha vyumba bila kuuza faragha yako. Milango ya mninga na mvule, mabati mazuri na mawe ya msingi visiondoke kama kifusi. Vishushwe kimoja kimoja, vihesabiwe, vitumike tena au viuzwe.

Bei

Msemo kwamba kufufua ni rahisi kuliko kujenga upya si wa kweli siku zote, na ofisi inayokuahidi hivyo kabla ya uchunguzi inakuuzia ndoto. Jengo jipya lina bei inayotabirika zaidi; wakadiriaji majenzi huweka akiba ya dharura ya asilimia 5 hadi 10. Kwenye jengo la zamani 15 hadi 20 ni busara, kwani ukitoa lipu unaweza kukuta dirisha lililozibwa kwa magunia. Ila kwenye kufufua huna gharama ya kubomoa na kuhamisha kifusi, msingi upo, kuta zipo, na unaweza kufanya kwa awamu: paa mwaka huu, mabomba mwakani. Jengo jipya la nusu haliishiki. Pale ambapo ukuta, msingi na sakafu ni vizima, kufufua hushinda. Pale ambapo vyote vitatu vina matatizo, unalipa bei ya jengo jipya ili kupata jengo la zamani, na hapo uwe na sababu nyingine: sheria, historia, au moyo.

Na huo "kijani"?

Ofisi zote siku hizi zitakuambia zinajali mazingira. Hesabu ya kuwatenganisha ni hii. Saruji peke yake hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Sehemu kubwa yake haitokani na kuni au makaa ya tanuri. Inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapogawanyika kwa moto, kwa hiyo hata tanuri la umeme wa jua haliiondoi. Kwa kila tani ya saruji hutoka kilo 600 hadi 900 za hewa hiyo. Mfuko mmoja wa kilo 50, basi, ni kilo 30 hadi 45. Chukua idadi ya mifuko kwenye makadirio yako uzidishe mwenyewe. Chokaa nayo huchomwa na kutoa hewa ya ukaa, lakini kwa joto la chini, karibu nyuzi 900 badala ya 1,450, na inapokauka ukutani hurudisha sehemu ya hewa iliyotoa.

Jengo jipya lenye paneli za jua na taa za LED linaweza kutumia umeme kidogo, ni kweli. Lakini linaanza na deni la zege na chuma ambalo huchukua miaka mingi kulipwa kwa umeme uliookolewa. Jengo lililopo deni lake lilishalipwa na babu. Cheti cha EDGE cha majengo ya kijani, kinachodai angalau asilimia 20 ya uokoaji kwenye nishati, maji na kaboni ya vifaa vya ujenzi, kinatolewa pia kwa majengo yaliyopo. Ofisi inayokitaja kwa majengo mapya tu, ibane kwa maswali.

Vibali

Ndani ya Mji Mkongwe huna uhuru wa kuchagua: eneo limo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001, na huwezi kubomoa wala kubadilisha sura ya nyumba bila mamlaka ya hifadhi kuridhia. Fundi peke yake hapa ni njia fupi ya kupata amri ya kusimamisha kazi. Kwingineko Tanzania Bara, hakikisha mbunifu amesajiliwa na bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na mkandarasi na bodi yake.

Ningekuwa mimi

Kwa nyumba ya mawe, ofisi ya kufufua bila kusita, hata ikiwa ada ya uchunguzi inauma. Kwa ghorofa la zege, ningelipia kwanza ripoti ya mhandisi wa miundo, kisha ningechagua ofisi kwa kutazama ripoti. Kwa nyumba ya udongo iliyochoka, ofisi ya kawaida. Kwa paa linalovuja tu, fundi, na kazi iishe wiki hii.

Ofisi yoyote ya kufufua ikuoneshe jengo ililokabidhi miaka mitano iliyopita au zaidi, si lile la mwaka jana. Nenda mwezi Juni, masika yakiwa yameisha. Pitisha mkono chini ya ukuta wa bafu, omba kuangalia dari la chumba kilicho chini yake, halafu mwenye nyumba akutajie mara ngapi amemwita mbunifu arudi, na kama alikuja.